Bibi Yako Anaongea Lugha Gani?

Mwaka wangu wa kwanza katika shule moja ya sekondari mjini Oakland, California, niliwekwa nyuma ya darasa la hisabati kama mwalimu msaidizi. Kazi ilikuwa kukaa karibu na wanafunzi wageni, wale ambao hawajamaliza miaka mitatu Marekani, nisiwaache wapotee. Nilikuwa nimefundisha hesabu Kahama miaka 6 kabla mke wangu hajapata kazi ya uuguzi huku, kwa hiyo sehemu na milinganyo havikunipa shida. Aliyenipa shida ni kijana mmoja wa miaka 15 aliyekaa dirishani, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi karibu na Krismasi sikumsikia akitoa neno.

Mwalimu wa darasa, mama mmoja mwema mwenye wazazi kutoka Meksiko, alimsemesha Kihispania. Kijana alitikisa kichwa kukubali. Akapewa karatasi za mazoezi za Kihispania, akaandika jina lake juu na kuziacha hivyo hivyo. Katika mwezi wa pili wa muhula walimu wakakaa kikao, wakaandika kwamba huenda ana tatizo la kujifunza, apimwe. Apimwe kwa lugha gani? Kwa Kihispania, maana fomu yake ilisema ametoka Guatemala na lugha ya nyumbani ni Kihispania. Mimi nami nilikuwepo kwenye kikao hicho na sikupinga. Nilikuwa mgeni, nina mkataba wa miezi 10, na kwa kweli nilidhani wenyeji wanajua wanachofanya.

Siku moja nikamkuta koridoni anaongea na simu, amegeukia ukuta. Kihispania changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini mlio wake nilikuwa nimeuzoea mitaani. Huu haukuwa wenyewe. Ulikuwa na vikato vya kooni, kama mtu anayevunja vijiti vikavu mdomoni. Ulinikumbusha Wairaqw wa Mbulu niliosoma nao chuo cha ualimu, waliokuwa wakitucheka tukijaribu kutamka majina ya vijiji vyao. Alipokata simu nikamwuliza kwa Kihispania kibovu, "Bibi yako anaongea lugha gani?"

Sijui kwa nini nilitaja bibi. Labda ni kwa sababu mimi mwenyewe ukiniuliza lugha yangu nitakujibu Kiswahili bila kufikiri. Ukitaja bibi ndipo ninapokumbuka Kisukuma.

Kijana akanitazama kidogo, akajibu, "Mam."

Nikadhani hakunielewa, anataja mama yake. Nikarudia, bibi, siyo mama. Naye akarudia, "Mam." Tukasimama pale kama watu wawili wanaobishana juu ya ukoo. Mwishowe akatoa simu, akafungua ramani, akaniwekea kidole kwenye milima ya magharibi ya Guatemala, karibu na mpaka wa Meksiko. Todos Santos Cuchumatán. Kisha akasema kitu ambacho nimekisikia mara nyingi sana tangu siku hiyo, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Es un dialecto, Profe." Si lugha, mwalimu, ni lahaja tu.

Hapo nikajua yuko wapi, kwa sababu na mimi nimepita hapo. Kwetu neno ni "kilugha". Shuleni Maswa tulikuwa na kibao cha mbao kilichotundikwa shingoni mwa aliyekamatwa akisema kilugha, na jioni mwenye kibao alichapwa. Tuliona ni haki kabisa. Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote Tanzania, tulikiita kilugha sawasawa na hawa wanavyoiita Mam dialecto. Nilipoingia kidato cha kwanza, Kiswahili nilichopigiwa fimbo ili nikijue nacho kikawa kosa, maana sasa ni Kiingereza. Nilikaa kimya karibu muhula mzima. Mwalimu wa baiolojia alimwambia baba yangu kwamba kichwa changu ni kizito.

Mam si lahaja ya kitu chochote. Ni mojawapo ya lugha karibu 30 za familia ya Kimaya, lugha za wenyeji wa asili wa Guatemala na nchi jirani, na ina wasemaji zaidi ya nusu milioni. Guatemala peke yake inatambua kisheria lugha 22 za Kimaya, chini ya sheria ya lugha za taifa ya mwaka 2003, na tangu 1990 ina akademia yake ya kuzishughulikia. Sensa ya mwaka 2018 iliwakuta Wamaya wakiwa asilimia kama 42 ya watu wote wa nchi hiyo. Kik'iche' na Kiq'eqchi' kila kimoja kina wasemaji wapatao milioni. Kuna Kikaqchikel, Kiq'anjob'al, Kiixil, Kichuj na nyingine, halafu uvuke Meksiko ukutane na Kitzotzil, Kitzeltal na Kimaya cha Yucatán. Zina undugu, lakini ni undugu wa Kisukuma na Kinyakyusa. Mtu wa huku hamwelewi wa kule kwa sababu tu wote wanaitwa Wamaya.

Hili la mwisho tulijifunza kwa aibu. Baada ya mimi kupiga kelele, ofisi moja ilituletea mkalimani "wa Kimaya" kwa ajili ya kikao na wazazi wa yule kijana. Mama alikuja amevaa sketi yake ya kufuma na blauzi ya huipil yenye nakshi kifua kizima, mtoto mgongoni kwa mbeleko, kama mama yeyote unayemwona kwenye mnada wa Lalago. Mkalimani akamsalimu. Mama akatabasamu kwa adabu. Mkalimani akaendelea dakika mbili tatu, mama akaendelea kutabasamu, hadi mkalimani mwenyewe akageuka na kutuambia kwa Kihispania kwamba yeye ni Mk'iche' na huyu mama ni Mmam, na hawaelewani. Kikao kikaishia kwa Kihispania, mtoto wa kaka wa mama huyo akimtafsiria. Baadaye tukajua kwamba hata ukimpata Mmam, bado uulize wa wapi. Mmam wa Todos Santos na Mmam wa Comitancillo, upande wa San Marcos, wakati mwingine wanahangaika kuelewana. Swali la kwanza ni lugha, la pili ni mji. Huko mtu ni wa mji wake kwanza. Hilo jina "Maya" wengi wa wanafunzi wangu walianza kuitwa nalo walipofika hapa. Sikushangaa. Wiki yangu ya kwanza nilitambulishwa shuleni kama mwalimu "kutoka Afrika".

Kosa lililofuata lilikuwa langu mwenyewe, na nilikuwa nalionea fahari. Nilihangaika hadi barua ya wazazi kuhusu kikao cha Machi ikatafsiriwa kwa Kimam, imeandikwa safi, apostrofi zote mahali pake. Nikachapa nakala 40. Hakuja mzazi hata mmoja wa Kimam. Nilipouliza, binti mmoja akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mzima asiyejua: "Profe, mama haisomi hiyo. Hakuna anayeisoma." Kimam kwao ni cha kusema. Waliokwenda shule walifundishwa kusoma kwa Kihispania, na wengi wa mama zao hawakwenda. Nilikuwa nimetuma mapambo.

Tangu hapo tunarekodi sauti. Mtu anayejua Kimam anasema ujumbe kwa dakika moja, tunaupeleka kwenye simu za wazazi kwa WhatsApp, nao wanaupitisha kwa shangazi na jirani. Kikao kilichofuata walikuja watu 19. Najua idadi kwa sababu niliwahesabu mara mbili, siamini macho yangu.

Karatasi ya mahudhurio nayo ilitufunza. Ilizunguka mezani kama kawaida, jina na sahihi. Mzee mmoja akainuka, akasema anakwenda chooni, hakurudi. Wawili wakamfuata. Nilikasirika kidogo, lazima nikiri. Ni yule mama wa kijana wa dirishani aliyenieleza baadaye, kwa maneno machache, kwamba baba yake aliandikwa kwenye orodha. Hakusema zaidi, na sikumwuliza. Vita vya Guatemala vilidumu kutoka 1960 hadi mkataba wa amani wa Desemba 1996. Waliouawa na kupotezwa wanakadiriwa kuwa 200,000, na tume ya ukweli ilipotoa ripoti yake mwaka 1999 ilisema kati ya wahanga waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Miaka ya 1981 hadi 1983 ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi, hasa huko huko milimani wanakotoka watoto wetu. Orodha za majina zilikuwa na kazi yake. Sasa ongeza hofu ya maofisa wa uhamiaji hapa Marekani, uone kwa nini mtu mwenye akili timamu anaikimbia karatasi inayouliza jina kamili na anwani. Tuliiondoa. Anayehitaji idadi, ahesabu vichwa.

Watu waliposikia kwamba kuna Mtanzania anayewashughulikia watoto wa Guatemala, mkuu wa masomo akaniita, akaniomba nifanye semina kwa walimu mwezi wa Agosti, saa moja na nusu, "kuhusu utamaduni wa Wamaya". Nikamwambia mimi si Mmaya. Akasema hana mwingine. Nikakubali, na nikaharibu.

Niliharibu kwa kutayarisha vizuri mno. Nilikuwa na slaidi za piramidi za Tikal, mji wa kale wa Wamaya, kalenda ya siku 260, mavazi, vyakula, nukta na vistari vya hesabu. Walimu walipiga makofi. Wiki ya pili ya muhula mwalimu mmoja akanisimamisha kwenye maegesho, akaniuliza kwa nia njema kabisa kama ule usingizi wa mwanafunzi fulani wa saa za asubuhi una uhusiano na ile kalenda. Yule mwanafunzi alikuwa anaosha vyombo mgahawani hadi saa saba usiku. Alikuwa anamlipa aliyemvusha jangwani, deni la ukoo mzima, shamba la babu limewekwa rehani. Hakuna utamaduni hapo, ni deni. Nilijilaumu mimi kuliko yule mwalimu. Nilikuwa nimempa miwani ya utamaduni, naye akaivaa kutazamia kila kitu.

Kwa hiyo mwaka wa pili nilianza na mambo yanayotokea darasani Jumatatu asubuhi, nikaziacha piramidi zipumzike.

Nilianza na majina. Todos Santos na miji ya jirani, majina ya ukoo mengi ni yale yale ya ubatizo: Pablo, Matías, Jerónimo. Mtoto ana jina la ukoo la baba na la mama, na mara nyingine yanalingana, kwa hiyo unampata Pablo Pablo halali kabisa. Kompyuta ya shule ilimwona Pablo Pablo kama kosa la uchapaji. Karani akafuta Pablo mmoja. Jina la shule likatofautiana na jina la kwenye makaratasi ya mahakama ya uhamiaji, na wakili wa mtoto akatumia wiki tatu kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Kwa kufuta jina moja tu unaweza kumchelewesha mtu namna hiyo. Niliwaambia walimu waache majina yalivyo, na waulize mtoto anaitwaje nyumbani.

Kisha macho. Mwalimu wa Kimarekani akimkanya mtoto anataka atazamwe usoni. Asipotazamwa anaona dharau. Mtoto wa kwetu Usukuma akikanywa na mkubwa anatazama chini, na binti anapiga goti kusalimia. Nikawaambia watoto hawa wamelelewa karibu na hivyo. Mwalimu mmoja wa sayansi, mkongwe, akaniuliza kama basi tusiwafundishe kutazama watu usoni, maana waajiri wa huku watawataka wafanye hivyo. Swali zuri. Nikamjibu wafundishwe, ila wasiadhibiwe kabla hawajafundishwa. Mpaka leo sina jibu bora kuliko hilo.

Sehemu niliyoipenda zaidi ilikuwa ya kimya. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, Barbara Rogoff, aliyeanza kwenda kwa Watz'utujil, Wamaya wa San Pedro La Laguna huko Guatemala, kando ya ziwa Atitlán, katika miaka ya 1970, na ameandika miongo mingi juu ya namna watoto wa pale wanavyojifunza. Kwa ufupi, wanatazama. Binti anakaa karibu na mama anayefuma kwa kitanda cha kiunoni, kile kinachofungwa mwisho mmoja kwenye nguzo na mwingine nyuma ya kiuno. Hafundishwi kwa maneno mengi. Anatazama siku nyingi, anashikishwa uzi, anaachiwa kipande kidogo, na siku moja anafuma. Kumwuliza-uliza maswali mtu anayefanya kazi ni usumbufu. Sasa mlete binti huyo kwenye darasa ambalo alama za ushiriki zinatolewa kwa kunyoosha mkono. Anaona wenzake wanaropoka majibu mabovu na wanasifiwa, naye aliyenyamaza hadi apate uhakika anaandikiwa sifuri.

Mwalimu wa ufundi mbao alicheka aliposikia hivyo. Akasema watoto wa Kimam ndio bora kwake, hajawahi kuelewa kwa nini wengine wanawalalamikia. Kwake anaonyesha mara moja, wanafanya. Nilitamani angesema hivyo miaka miwili mapema kwenye kile kikao cha kupima akili.

Kuhusu lugha yenyewe niliwapa kidogo tu, vya kutumia. Kimam kinaanza sentensi na kitenzi. Kwa hiyo mtoto akiandika Kiingereza kinachosema "alikula mbwa mkate" akimaanisha mbwa alikula mkate, hajachanganyikiwa, amefuata mpangilio wa kwao. Niliwapa pia vipande vya Kik'iche', maana tunao watoto kadhaa. Mlango ni uchi' ja, mdomo wa nyumba. Ishirini ni juwinaq, yaani mtu mmoja, vidole vya mikono na miguu vyote, na arobaini ni kawinaq, watu wawili. Mwalimu wa hisabati akaacha kuandika, akauliza kama basi wanahesabu kwa ishirini-ishirini. Naam, na wazee wao waliandika sifuri kwa alama ya gamba la kombe karne nyingi kabla Wahispania hawajatia mguu. Nukta ni moja, kistari ni tano, mafungu ya ishirini yanakaa juu na yaliyobaki chini. Arobaini na saba unaweka nukta mbili juu, kistari na nukta mbili chini. Mwalimu yule alilitumia somo hilo mwezi uliofuata kufundisha thamani ya nafasi, na alinikaribisha niende kuangalia. Watoto wawili wa Guatemala hawakujua kabisa alama hizo, hawakufundishwa kwao. Mmoja alisema hadharani, kwa Kiingereza chake cha miezi 8, "Kwa nini shule ya kwetu haikuniambia?" Nikakumbuka kwamba mimi Mtemi Mirambo nilimsoma, na ya wazee wangu wa Usukuma sikuyasoma kabisa.

Hapo ndipo pa kusema neno kuhusu vitabu vya historia. Watoto wa huku wanasoma habari za Wamaya wakiwa darasa la saba hivi: miji mikubwa, mahekalu, halafu aya inayosema ustaarabu ule "ulitoweka". Nilikuwepo kitabu kilipofunguliwa ukurasa huo, na nyuma yangu wamekaa watoto wanne wanaoongea Kimam chini kwa chini juu ya mechi ya jana. Walichohama watu ni miji ya nyanda za chini, karne ya 9 hivi. Watu wenyewe wako mtaa wa Fruitvale hapa Oakland, wanauza tamale za mahindi kando ya International Boulevard. Wak'iche' wako New Bedford, Massachusetts. Waq'anjob'al wako Los Angeles na Indiantown, Florida. Ng'ambo ya daraja, San Francisco, kuna Wamaya wa Yucatán. Nilimwomba mwalimu wa historia kitu kimoja tu, aongeze sentensi moja kwa mdomo: wajukuu wao wanaweza kuwa wamekaa humu. Aliongeza. Hakuna aliyenyoosha mkono, bila shaka.

Sasa nirudi kwenye semina, maana mwaka wa tatu ndipo ilipokaa sawa. Yule kijana wa dirishani alikuwa amefika miaka 18, Kiingereza kimekaa, na jioni alikuwa analipwa kidogo kukalimani. (Hakupimwa akili, nashukuru. Ilibainika kwamba hesabu za kichwani alikuwa anazipiga kuliko mimi. Alikuwa akiuza dukani kwa shangazi yake tangu akiwa na miaka 9.) Nikamwomba afundishe walimu kutoa kwa kukopa, dakika 15, kwa Kimam kitupu. Asitafsiri na asitabasamu kuwasaidia. Awape jaribio mwishoni.

Mwaka uliotangulia nilijaribu mwenyewe kwa Kisukuma na nikashindwa. Nilisema "mwangaluka", wakaitikia "mwangaluka" kwa furaha, wakacheka, ikawa burudani ya utalii. Huyu hakuburudisha mtu. Alifundisha kama alivyofundishwa yeye siku za kwanza: haraka, mgongo umegeukia darasa, akitaja majina ya watu kuwauliza jibu. Dakika ya nne mwalimu mmoja alianza kuchora maua kwenye daftari. Dakika ya saba wawili walikuwa wananong'onezana, naye akawanyamazisha. Mwalimu ninayemheshimu sana, hodari, mwenye shahada mbili, alitoa simu akaificha chini ya meza atafute tafsiri. Kijana akaenda polepole, akanyoosha mkono, akaichukua.

Chumba kilinyamaza. Ile ndiyo ilikuwa kanuni ya shule, na mwalimu yule ndiye aliyekuwa ameshamnyang'anya simu mara mbili.

Baada ya jaribio (alama ya juu ilikuwa 3 kati ya 10) hatukujadili utamaduni hata kidogo. Walimu walizungumza juu ya kuandika maneno ubaoni badala ya kuyasema tu, juu ya kumruhusu mtoto aeleze kwanza kwa lugha yake kwa mwenzake, juu ya nani akae na nani. Mmoja akauliza kama kisheria wanatakiwa kufanya hivyo. Nikamkumbusha kesi ya Lau ya mwaka 1974, iliyoanzia ng'ambo ya ghuba yetu hii hii, watoto wa Kichina wa San Francisco walipofika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kwa sababu walikuwa wanafundishwa kwa Kiingereza wasichokielewa. Nusu ya walimu walikuwa hawajaisikia. Mimi niliisikia kwa wakili wa Pablo Pablo.

Kuna jambo moja la nyumbani sikulisema kwenye semina, nalisema hapa. Usiku wa siku ile nilikuwa natafuta cheti cha chanjo cha binti yangu nikaikuta nakala ya fomu yake ya shule, ile ile ya lugha ya nyumbani niliyokuwa nawalaumu wengine kwa kuijaza ovyo. Mwandiko ni wangu. Lugha aliyoanza kusema mtoto: Kiswahili. Lugha wazazi wanayoongea naye: Kiswahili, Kiingereza. Lugha wanayoongea watu wazima nyumbani: Kiswahili. Mama yangu alikaa nasi miezi 5 mwaka ule binti alipoanza kusema, na hakumsemesha kingine ila Kisukuma. Nami sikukiandika. Hakuna aliyenikataza, na sikuwa na mtu wa kumwogopa.

Fomu hiyo haijabadilika, ni ya jimbo, hatuna uwezo nayo. Tulichobadilisha ni dirishani kwa karani. Karani wetu sasa haipitishi tu kalamu. Anasoma maswali kwa sauti, na kabla hajaandika anaongeza la kwake: bibi wa mtoto anaongea nini? Tulibishana kama ni sawa. Mwenzangu mmoja anaona ni udadisi, na kwamba mzazi akisema Kihispania tumheshimu, huenda ana sababu zake. Ana haki kiasi. Tulikubaliana kwamba tunauliza mara moja tu, na tunamwambia mzazi kwa nini tunauliza.

Wiki iliyopita nilikuwa hapo baba mmoja alipokuja kuandikisha watoto wawili, suruali ina vumbi la saruji, amekimbia kutoka kazini. Akajibu Kihispania kwa kila swali. Karani akauliza la bibi. Baba akasema Kihispania. Binti mdogo, wa miaka 7 hivi, akamvuta shati, akamwambia kitu kwa zile sauti za vijiti vikavu. Baba akajibu kwa ukali kidogo. Binti akarudia vile vile. Baba akacheka, akajishika paji la uso, akamgeukia karani.

"Mam," akasema.

Karani akaandika herufi ya kwanza, ya pili, akasita. Akamwuliza binti ni m mbili au moja.

"Chjonte," nikasema mimi, neno moja la asante ninalolijua vizuri. Binti akanirekebisha matamshi.